Pori la Mayumbe: shimo linaloweza kujaa tena

Mbele ya kuendelea kusoma, angalia kwanza ndani ya nyumba yako. Angalia mulango, meza, kitanda. Gusa mbao kwa mukono. Je, unajua muti ule ulitoka wapi? Juu ya shaba, sisi watu wa Katanga tunajua mengi. Hata mutoto mudogo wa Likasi ao wa Kolwezi anaweza kukuonyesha jiwe la shaba na jiwe la bure. Lakini mbao tunazinunua sokoni, tunauliza bei, tunazipeleka kwa seremala, basi.

Leo tunataka kukupeleka mbali na mashimo yetu, mpaka upande mwingine wa inchi, pale Kongo inapogusa bahari. Kule kuna pori linaloitwa Mayumbe. Historia yake inafanana sana na yetu. Kompani zilikuja, reli ikajengwa, kambi zikajaa watu, mali ikapanda meli, kisha siku moja treni ikasimama. Lakini kuna tofauti moja kubwa, na ile njo sababu tunakuandikia habari hizi. Shaba ikiisha katika shimo, imekwisha, hata ungengojea miaka 1 000. Pori haliko vile. Pori linaweza kujaa tena, kama kuna mutu wa kulichunga.

PWANI FUPI, PORI KUBWA

Kongo yetu ni kubwa, lakini pwani yake ni fupi sana: kilometa 40 hivi tu. Pale muto Kongo unaingia katika Bahari ya Atlantika. Ukipanda kaskazini ya muto, nyuma ya muji wa Boma, unaanza kuona vilima vya Mayumbe. Vilima hivi havijui mipaka ya serikali. Vinapita Kabinda ya Angola, vinaingia Kongo-Brazzaville, vinaenda mpaka Gabon. Mvua ya kule haizidi sana, lakini wakati wa kiangazi mawingu na ukungu wa bahari vinafunika vilima na kuzuia jua kali. Kwa sababu ile pori kubwa linaweza kuota karibu na bahari.

Watu wa kule ni Wayombe, na lugha yao ni ndugu wa Kikongo. Miji yao ni Lukula, Tshela na Seke-Banza. Miti yao ni mingi: kambala, muti wa nguvu wa milango na mashua, tola, muti munene wenye mbao laini, na zaidi ya yote limba.

Limba ni muti murefu sana, unaweza kupita metre 40. Shina lake limenyooka kama mulingoti, na chini liko na mbavu pana kama kuta. Wakati wa kiangazi unaangusha majani yake. Mbao zake ni za rangi ya manjano nyeupe, pengine zenye mistari myeusi katikati. Haziko nzito, zinakubali musumari na gundi. Jina lake la Kongo, limba, linatumiwa hata leo katika biashara ya mbao ya dunia nzima.

Ninyi vijana munaopiga gitare katika kwaya, sikieni hii. Mwaka 1958 kompani ya Gibson ya Marekani ilitengeneza magitare mawili ya umeme yanayojulikana sana, Flying V na Explorer. Mbao zake waliziita «korina». Korina ni nini? Ni limba ya Afrika, waliibadilisha jina tu. Leo magitare yale ya mwaka 1958 yanauzwa kwa bei kali kabisa. Na muti wenyewe unaota kwetu.

MUTI UNAOPENDA SHAMBA LA ZAMANI

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui juu ya limba. Muti huu haupendi giza. Mbegu yake iko na mabawa madogo, upepo unaibeba. Ikianguka chini ya pori zito, inaota kwa shida na kufa. Lakini ikianguka mahali penye mwanga, kama vile shamba lililoachwa, inapanda haraka.

Basi waza kidogo. Wazee wa Kiyombe walikuwa wanalima shamba, kisha wanaliacha lipumuzike na kwenda kulima mahali pengine. Katika mashamba yale yaliyopumuzishwa, limba inapata nafasi yake. Wataalamu waliochimba udongo chini ya pori la Mayumbe walikuta humo vipande vya makala ya zamani sana, alama ya moto uliowaka pale ambapo leo kuna miti mikubwa. Kwa hiyo pori lile halikuwa «pori tupu» lisiloguswa na mutu. Mahali pengi mababu walipita na jembe, na nyuma yao miti ikaota.

Lakini tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya mufalme Leopold wa Pili ilitoa amri: inchi zote «zisizo na mutu» ni mali ya Serikali. Kijiji kilibaki na nyumba zake na mashamba yaliyolimwa wakati ule. Shamba lililopumuzika liliweza kuandikwa kama inchi tupu. Hivi pori ambalo wazee walikuwa wanalizunguka kwa zamu, lilihesabiwa kwenye karatasi kama halina mwenyewe. Sisi wa Katanga tunaijua hesabu ile, sababu mawe yetu pia yaliandikwa vile.

RELI NDOGO YA BOMA

Wakati ule Boma ilikuwa muji mukubwa wa Serikali, mbele ya Léopoldville. Ilikuwa karibu na Mayumbe, na meli za bahari zilifika mpaka pale. Lakini kutoka vilima mpaka bandari, kila kitu kilibebwa juu ya kichwa cha mutu. Kwa hiyo mwaka 1898 kukaundwa kompani ya reli ya Mayumbe. Mwaka 1901 treni ilifika Lukula. Katika miaka ya 1910 ilifika Tshela. Yote pamoja ilikuwa karibu kilometa 140.

Usiwaze reli kama ile iliyofika Lubumbashi mwaka 1910. Ya Mayumbe ilikuwa nyembamba sana: kati ya chuma na chuma sentimeta 60 na kidogo tu, karibu nusu ya reli yetu. Lakini treni ile ndogo ilibadilisha maisha ya kila kijiji. Mashamba makubwa ya kakao, kahawa, mawese na mupira yalifunguliwa. Kompani za mbao zilifuata.

Kazi ya mbao ilifanywa namna gani? Kwanza kulikuwa watu waliozunguka katika pori kutafuta miti na kuitia alama. Kisha wakata-miti walikuja na shoka na musumeno murefu wa watu wawili. Muti wa limba uko na mbavu chini, kwa hiyo iliwapasa kujenga kitanda cha fito ili wasimame juu na kukata pale shina linapokuwa la mviringo. Muti ukianguka, unavunja mingine mingi pamoja nao. Kisha shina lilikatwa vipande, watu wakavivuta kwa kamba na kuviviringisha mpaka kwenye reli. Ilikuwa kazi ya hatari. Kipande cha limba kikiponyoka kwenye mulima, hakiulizi kapita ni nani.

Ulaya ilitaka limba kwa kazi moja hasa: tripleksi. Fundi anapikisha shina kwa maji ya moto ao kwa mvuke, analifunga kwenye mashini inayolizungusha, na kisu kirefu kinalimenya, sawa vile mutoto anachonga kreyo. Linatoka karatasi refu la mbao. Makaratasi yale yanapakwa gundi na kupangwa moja juu ya ingine, nyuzi za moja zikienda marefu na za ingine zikienda mapana. Kwa ile tripleksi haipasuki upesi. Shina lililonyooka, nene, lisilo na matawi chini, njo shina la mashini ile. Limba iliumbwa kama kwa kazi hiyo.

Na hapa njia ya Mayumbe na njia ya Katanga zinakutana. Tangu mwaka 1928, shaba yetu ilianza kupanda treni mpaka Ilebo, kushuka kwa mashua mpaka Léopoldville, na kupanda treni tena mpaka Matadi. Limba ilitoka Boma, shaba ilitoka Matadi, zote mbili kwenye muto mumoja, zote zikaenda bahari ile ile. Wafanyakazi wa pande mbili hawakujuana, lakini meli ziliwajua wote.

KARANI MUMOJA WA KOMPANI

Katika watu waliofanya kazi kwa kompani za Mayumbe, kuna mumoja unayemujua. Alizaliwa katika vijiji vya Tshela. Alisoma kwa mapadri, akafika mpaka seminari kubwa ya Kabwe katika Kasai, kisha akatoka na kuwa mwalimu. Mwaka 1941 aliingia kazi katika Agrifor, kompani ya mashamba na mbao ya Mayumbe. Mwaka uliofuata akaenda kuwa karani wa Serikali katika Léopoldville. Jina lake ni Joseph Kasa-Vubu, Rais wa kwanza wa Kongo, kuanzia 1960 mpaka 1965.

Mwaka 1946, mbele ya watu kuanza kusema wazi juu ya uhuru, Kasa-Vubu alisimama mbele ya wasomi wenzake katika Léopoldville na kusema juu ya haki ya mutu wa kwanza kukaa katika inchi. Mutu aliyezaliwa Mayumbe alijua vizuri neno hili «inchi isiyo na mutu» maana yake ni nini.

LUKI: WATU WALIOHESABU MITI

Miti ilikatwa, na hata wakoloni wenyewe waliona kama hesabu haitoshi. Limba inayofaa kwa mashini inahitaji miaka 40 hivi ao zaidi. Shoka linahitaji muchana mumoja. Mwaka 1937, pori la Luki, karibu na Boma, lilitengwa kuwa mahali pa kuchungwa na kujifunza. Ukubwa wake ni hektari karibu 33 000. Kazi ilisimamiwa na INEAC, shirika la Wabelgiji la kutafuta maarifa ya kulima na ya miti.

Kule Luki walijaribu namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kusaidia pori lenyewe: kukata mizabibu ya pori inayonyonga miti mizuri, kuondoa miti midogo isiyo na kazi, ili mwanga ufikie miti inayotakiwa. Ya pili ilikuwa kupanda limba pamoja na ndizi. Namna hii inapendeza, kwa hiyo tuieleze vizuri.

Mulimaji alisafisha shamba na kupanda ndizi. Katikati ya ndizi kulipandwa miche ya limba, mbali mbali. Miaka ya kwanza, ndizi zinakula mwanga na kufunika udongo, majani mabaya hayapati nguvu. Mulimaji anavuna ndizi, jamaa inakula, zingine zinauzwa. Wakati ndizi zinaanza kuzeeka, limba imekwisha kupita juu yao. Shamba linageuka pori, lakini katika miaka ile yote jamaa haikulala na njaa. Hakuna mutu aliyemuambia mulimaji: «Panda muti na ungojee miaka 40.» Aliambiwa: «Panda ndizi, na muti utaota pamoja nayo.» Kumbuka jambo hili, tutalirudilia.

Kuna kazi ingine ya Luki inayostahili heshima. Kuanzia 1947 mpaka 1958, wafanyakazi Wakongomani walipita katika pori kwa zamu, muti kwa muti, kila nyuma ya siku 10 hivi. Waliandika katika buku: muti huu umetoa maua, ule umeangusha majani, ule uko na matunda. Miaka zaidi ya 10, katika mvua na ukungu. Mabuku yale hayakupotea. Leo wataalamu wa Kongo na wa inchi zingine wanayasoma ili wajue kama miti inabadilisha desturi zake wakati hali ya hewa inabadilika. Wale watu hawakukata muti hata mumoja katika kazi ile. Lakini kazi yao ingali inatumika, wakati meza nyingi za limba za miaka ile zimekwisha kuwa kuni.

SIKU TRENI ILISIMAMA

Nyuma ya uhuru, kompani ziliendelea kwa muda. Tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kama mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi. Wengi waliopewa mashamba hawakuwa walimaji. Wengine hawakujua hata njia ya kufika. Katika Mayumbe kama mahali pengine, mashamba mengi yalishikwa na majani.

Mwaka 1984 treni ya Boma-Tshela ilisimamishwa, na reli zikangolewa. Fikiri juu ya mama wa Tshela aliyekuwa anauza ndizi zake kwa treni. Ndizi haiwezi kungojea lori siku tano kwenye njia ya matope. Inaiva, inaoza. Nini haiozi? Makala haiozi. Mbao hazioze upesi. Basi watu wakarudi katika pori, mara hii pasipo kompani, pasipo buku la hesabu, na shoka mukononi, kisha na musumeno wa mashini. Makala na mbao zikashuka kwa baiskeli na kwa malori mpaka Boma na Matadi.

Musomaji wa Lubumbashi, wa Kipushi, wa Kolwezi, usiwahukumu haraka. Unakumbuka shimo la Kamoto lilipoanguka Septemba 1990. Unakumbuka mishahara iliyokawia miezi na miezi. Unakumbuka mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kwa ile iliyoitwa «kuondoka kwa kupenda». Baba aliyetoka kwenye kazi alienda wapi? Wengi walienda pori, kulima na kuchoma makala, ao kuchimba kwa mikono. Njaa haina shule ya kusoma mambo ya miti.

Hata Luki iliguswa. Tangu mwaka 1976 imeandikwa na UNESCO kati ya mapori ya dunia yanayostahili kuchungwa, lakini karatasi ya UNESCO haizuii musumeno. Watu waliingia, walikata, walichoma. Walakini sehemu kubwa ya pori ingali imesimama. Na kuna habari njema kutoka kijiji cha Manzonzi, pembeni ya Luki. Pale palikuwa majani matupu yaliyochomwa moto kila mwaka. Tangu mwaka 2005, wanakijiji pamoja na shirika WWF walikubaliana kutochoma tena sehemu moja. Hawakupanda miti mingi. Walizuia moto, basi. Miti ikaanza kurudi yenyewe, na nyuma ya miaka michache majani yalianza kugeuka pori changa.

JIRANI ALIYEPANDA MITI KAMA MAHINDI

Ngambo ya mupaka, katika Kongo-Brazzaville, Mayumbe ileile iliona mambo mengine. Kati ya 1921 na 1934 Wafaransa walijenga reli ya kwenda Pointe-Noire, kupita katikati ya vilima. Watu zaidi ya 15 000 walikufa katika kazi ile ya kulazimishwa. Nyuma yake mbao zilipata njia ya bahari.

Lakini pembeni ya Pointe-Noire kuna uwanda wa muchanga wenye majani tu. Kuanzia miaka ya 1950, wataalamu walijaribu pale miti ya ekaliptusi, ile tunayoijua vizuri hata katika Katanga. Waliona kama aina mbili zikizaana, mara ingine zinatoa muti mumoja unaokua kuliko wazazi wake. Shida ni kwamba mbegu za muti ule hazizai watoto wanaofanana naye. Katika miaka ya 1970 wakapata njia ya kukata vitawi vidogo na kuviotesha mizizi, sawa vile mama anapanda muhogo kwa kipande cha muti. Kila kitawi kikawa muti sawasawa na mama yake. Mwaka 1978 wakaanza kupanda mashamba makubwa kwa njia ile, katika watu wa kwanza wa dunia kuifanya kwa ukubwa namna hii. Yalifika hektari karibu 40 000. Muti ulivunwa nyuma ya miaka 7 hivi. Magogo yalienda kwa meli kwenye viwanda vya karatasi, na matawi yaliyobaki yalitoa kuni na makala za muji.

Je, hilo ni pori? Hapana. Katika shamba la ekaliptusi hutakuta kambala, wala nyani, wala dawa za wazee. Lakini kila gunia la makala lililotoka mule ni gunia ambalo halikutoka katika Mayumbe. Kisha hapa pia tunaona mwisho tunaoujua. Mashamba yalipita kutoka kompani moja mpaka ingine, uangalizi ukapunguka, na muji wa Pointe-Noire uliokua upesi ukakula sehemu ya miti ili kujenga nyumba. Kupanda ni kazi ya mwaka mumoja. Kuchunga ni kazi ya kila mwaka.

NA SISI WA MASHIMO?

Labda unasema: «Mayumbe iko mbali, inanihusu nini?» Ngoja kidogo.

Mwaka 1982 bonde la Lufira, hapa kwetu, lilitiwa na UNESCO katika hesabu moja na Luki. Ni wangapi kati yetu wanaojua? Tunalijua tu kama njia ya makala. Kila siku magunia yanaingia katika Lubumbashi na Likasi kwa baiskeli, na wasukumaji wanasema kila mwaka wanaenda mbali zaidi.

Unakumbuka pia mukula, muti wetu wa mbao nyekundu. Kwa siku nyingi ulikuwa muti wa rangi na wa dawa. Katika miaka ya 2010 wanunuzi walifika, bei ikapanda, na vijana wa Kasenga na vijiji vingine wakakata usiku na muchana. Malori yakapita Zambia, magogo yakaenda China. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuutia katika orodha ya miti ambayo biashara yake inapaswa kuangaliwa. Lakini mahali pengi miti mikubwa ilikuwa imekwisha kuondoka. Yaliyofanyika Mayumbe kwa miaka 80, sisi tuliyafanya kwa miaka michache tu. Na kijiji kilibaki na nini? Uulize watu wa Kasenga kama walipata hata treni ndogo.

Lakini leo tuko na kitu ambacho wazee wa 1885 hawakukuwa nacho. Sheria ya pori ya tarehe 29 Agosti 2002 inadai kompani inayokata mbao iandikiane mapatano na watu wa mahali, juu ya masomo, njia, nyumba za dawa. Na amri ya mwaka 2014 inaruhusu kijiji kuomba pori lake lenyewe, mpaka hektari 50 000, na kulitumia kwa utaratibu wake. Kijiji kinaweza kusema: «Inchi hii iko na mutu, na karatasi yake hii hapa.» Hilo halijitendi lenyewe. Linataka watu wanaojua kusoma na kuandika kusaidia wazee wa kijiji. Vijana munaomaliza masomo na kukosa kazi kwenye mashini, hapo kuna kazi.

Na katika nyumba? Tukumbuke mulimaji wa Luki. Alipata ndizi leo na muti kesho. Jamaa yenye kiwanja kidogo inaweza kufanya vile vile: panda muembe ao muavoka pale pa kivuli, panda miti ya kuni pembeni ya shamba la mahindi. Baba unayelima nje ya muji, usichome shamba lote kila mwaka. Fanya kama watu wa Manzonzi, acha sehemu moja bila moto na uangalie kitu gani kitarudi. Mama, mbabula yenye udongo ndani inashika moto muda murefu kuliko mbabula ya chuma kitupu. Kopo moja la makala lililobaki kila jioni ni muti mumoja mwisho wa miaka.

Siku moja shimo la karibu nawe litafungwa. Hatusemi hivi ili kukuogopesha; kila shimo la dunia linafungwa. Siku ile watoto wetu watageuka nyuma kuangalia kitu kilichobaki. Wakikuta udongo mukavu tu na majivu, watauliza nani alikuwa anachunga. Shaba hatukuweza kuirudisha. Lakini miti tuliweza.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA NYUMBANI

1. Gunia la makala tunalotumia linatoka upande gani? Miaka 10 iliyopita lilitoka wapi?

2. Papa na mama, ao wazee wa jamaa: ni miti gani mulikuwa munaiona karibu na kambi wakati wa utoto wenu, ambayo haiko tena? Watoto waandike majina yake katika buku.

3. Sababu gani mulimaji wa Luki alikubali kupanda muti wa miaka 40? Sisi tungeweza kupanda nini pamoja na mahindi yetu?

4. Katika kijiji chetu cha asili, nani anajua mipaka ya pori la kijiji? Je, imeandikwa mahali popote?